Shangazi wa Kandanda: Maswali yenu kuhusu fainali za Klabu Bingwa Ulaya

Toleo lililopita nilitaja kwa kifupi kwamba Real Madrid wamelitwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mara 15, nikaishia hapo. Wasomaji hamkuridhika. Maswali yamekuja kutoka Mtwara mpaka Bukavu, mengine yana joto la kijiweni, mengine yana utulivu wa mtu anayetaka kujua. Leo ukurasa wote ni wenu. Yaliyofanana nimeyaunganisha, na majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

Shikamoo shangazi. Hapa kijiweni tunabishana. Mwenzangu anasema mashindano haya yaliletwa na FIFA. Mimi nasema waliyaleta Real Madrid wenyewe, ndiyo maana wakachukua matano ya kwanza mfululizo. Nani kapatia? – Fundi cherehani, Tanga

Marahaba mwanangu. Wewe umekaribia kuliko mwenzako, lakini yaliletwa na gazeti. Desemba 1954, Wolverhampton Wanderers ya Uingereza iliifunga Honvéd ya Hungaria 3-2 katika mechi ya kirafiki, na magazeti ya Kiingereza yakawatangaza Wolves kuwa mabingwa wa dunia. Kule Paris, mwandishi Gabriel Hanot wa gazeti la L'Équipe, ambaye zamani aliichezea timu ya taifa ya Ufaransa, hakukubali. Akaandika kwamba Wolves waende kwanza Moscow na Budapest ndipo waitwe hivyo, na kwamba Milan na Real Madrid nao wapo. Gazeti likaalika klabu kwenye kikao, rais wa Real Madrid, Santiago Bernabéu, akawa miongoni mwa waliolishikia bango wazo hilo, kisha UEFA, iliyokuwa haijatimiza hata mwaka, ikalichukua. Msimu wa kwanza, 1955/56, ulikuwa na klabu 16.

Fainali ya kwanza ilichezwa Parc des Princes, Paris, tarehe 13 Juni 1956, Real Madrid dhidi ya Reims ya Ufaransa. Wengi hudhani Real walitembea tu kwenda kulichukua kombe. Dakika ya 10 walikuwa wameshafungwa mabao mawili! Di Stéfano akarudisha moja, Rial akasawazisha, kisha Michel Hidalgo akaiweka Reims mbele tena, 3-2. Aliyeliokoa jahazi ni Marquitos, beki, aliyepanda na mpira kutoka nyuma akaenda nao mpaka golini akafunga. Rial akamalizia la nne. Nawaomba mlikumbuke jina la Marquitos, kwa sababu bila bao lile la beki huenda leo tungekuwa tunahesabu kwa namna nyingine kabisa.

Reims walikuwa na kiungo mshambuliaji Raymond Kopa. Baada ya fainali ile akahamia Real, na mwaka 1959 akakutana fainali na Reims yake ya zamani. Real walishinda 2-0.

Shangazi, shikamoo. Babu yangu alifanya kazi ng'ambo ya Ruvuma enzi za Mreno. Alikuwa akisema watu wa Msumbiji walilitwaa kombe la Ulaya kabla Eusébio hajaanza kucheza fainali. Wajukuu tulidhani anatupigia hadithi. – Mwalimu wa sekondari, Mtwara

Marahaba mwalimu. Babu yenu alisema kweli tupu, na swali lako limenifurahisha kuliko yote.

Nenda Bern, Uswisi, tarehe 31 Mei 1961, Uwanja wa Wankdorf. Benfica ya Ureno dhidi ya Barcelona, ambayo ndiyo klabu ya kwanza kuwatoa Real Madrid katika mashindano haya. Langoni mwa Benfica yuko Alberto Costa Pereira, mzaliwa wa Nacala, bandari ya kaskazini mwa Msumbiji, pwani hiyohiyo inayoshuka kutoka kwenu. Katikati yuko Mário Coluna, mzaliwa wa Inhaca, kisiwa kilicho mbele ya ghuba ya Maputo. Nahodha ni José Águas, mzaliwa wa Angola, na Joaquim Santana naye ni wa Angola. Costa Pereira na Águas walikuwa Wazungu waliozaliwa huku. Coluna, mama yake alikuwa Mwafrika wa Msumbiji na baba yake Mreno. Serikali ya Lisbon iliyahesabu makoloni kuwa mikoa yake, kwa hiyo wote hao walicheza kama Wareno, na jezi ya taifa waliyoivaa ilikuwa ya Ureno. Neno Afrika halikutajwa popote kwenye orodha ya wachezaji.

Barcelona walitangulia kwa kichwa cha Sándor Kocsis. Águas akasawazisha, na muda uleule mpira ukamponyoka kipa Ramallets ukaingia wavuni. Kipindi cha pili mpira uliopaa ukamkuta Coluna nje ya eneo la hatari. Hakuusubiri utue, akaupiga juu kwa juu: 3-1. Zoltán Czibor akarudisha moja, ikawa 3-2. Kipindi hicho cha pili Wakatalani hawatakisahau. Nguzo za magoli ya Wankdorf zilikuwa za mbao za pembe nne, siyo za mviringo kama tulizozoea. Mpira ukigonga nguzo ya mviringo unaweza kuteleza ukaingia ndani. Ukigonga bapa la mbao unarudi ulikotoka. Shuti moja la László Kubala liligonga nguzo hii, likavuka mstari mzima wa goli, likagonga nguzo ya pili, kisha likatoka.

Kocsis na Czibor walikuwa na donda lingine katika uwanja uleule. Mwaka 1954 walikuwa kwenye kikosi cha Hungaria kilichofungwa na Ujerumani Magharibi 3-2 katika fainali ya Kombe la Dunia, hapohapo Wankdorf. Miaka saba baadaye kila mmoja wao akafunga bao, na matokeo yakawa yaleyale, 3-2.

Eusébio alikuwa ameshafika Lisbon lakini fainali hiyo hakucheza. Ya kwake ilikuja 1962 mjini Amsterdam. Real Madrid waliongoza 3-2 mpaka mapumziko, na yote matatu aliyafunga Ferenc Puskás peke yake. Coluna akasawazisha kwa shuti la mbali, kisha kijana wa miaka 20 kutoka Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya leo, akafunga mawili ndani ya dakika chache. Benfica 5, Real 3. Mama yake Eusébio alikuwa amemkabidhi mwanawe kwa Coluna alipoondoka nyumbani, na Coluna alimlea kweli. Wote wawili walifariki mwanzoni mwa mwaka 2014, wiki chache zikiwatenganisha, Eusébio Lisbon na Coluna Maputo.

Mwambie babu, kama yu hai, kwamba shangazi anamsalimu.

Assalaam aleikum shangazi. Sisi mashabiki wa Juventus hapa Muscat tumechoka kuchekwa. Fainali tisa, makombe mawili. Na Benfica nao wanasemwa walilaaniwa na kocha wao. Je, laana ipo? – Msomaji wa Kizanzibari, Muscat

Waaleikum salaam. Laana haipo, na nitakwambia kwa nini nasema hivyo bila kusitasita.

Inasimuliwa kwamba Béla Guttmann, kocha wa Benfica wa 1961 na 1962, aliomba aongezewe mshahara, akanyimwa, akaondoka akisema Benfica haitatwaa kombe la Ulaya kwa miaka 100. Tangu hapo wamepoteza fainali nane za Ulaya, tano za Klabu Bingwa na tatu za kombe la pili kwa ukubwa. Hesabu hiyo inatisha ukiitazama kwenye karatasi. Sasa iangalie uwanjani.

Mwaka 1963, Wembley, Eusébio aliipa Benfica bao la kwanza dhidi ya Milan. Kisha Coluna akachezewa rafu mbaya akaumia mguu. Wakati ule mchezaji wa akiba haruhusiwi kuingia, kwa hiyo nahodha wa kiungo akamaliza mchezo anachechemea, na Altafini wa Milan akafunga mawili. Mwaka 1965 Benfica wanapangiwa kucheza na Inter, na uwanja ni San Siro, nyumbani kwa Inter! Mvua inanyesha, uwanja umelowa, shuti la Jair linapita katikati ya miguu ya Costa Pereira. Kipindi cha pili Costa Pereira mwenyewe anaumia anatoka, beki Germano anavaa glovu, na Benfica wanamaliza wakiwa 10. Walifungwa 1-0 tu. Mimi matokeo hayo nayahesabu kuwa ushujaa.

Mwaka 1968, tena Wembley, Manchester United na Benfica wako 1-1, dakika zinayoyoma, Eusébio anabaki yeye na kipa Alex Stepney. Akapiga kwa nguvu zake zote, Stepney akaudaka kifuani. Eusébio akasimama akampigia makofi. Katika muda wa nyongeza United wakafunga matatu. Huyo kipa alikuwa amesimama pale kwa kazi yake na ustadi wake, hakutumwa na Guttmann.

Juventus, basi. Mwaka 1973 waliwakuta Ajax wa Johan Cruyff waliokuwa wanachukua la tatu mfululizo. Mwaka 1983 Felix Magath wa Hamburg aliwafunga mapema kabisa kwa shuti la mbali, na Juve yenye Platini, Boniek na Paolo Rossi ikashindwa kulirudisha. Mwaka 1997 Dortmund walifunga mawili ndani ya dakika tano kupitia Riedle, na Juve waliporudisha moja, kijana Lars Ricken akaingia kutoka benchi, na mguso wake wa kwanza kabisa ukawa bao, mpira ulioinuliwa kutoka mbali ukampita kipa aliyekuwa amesogea mbele. Mwaka 1998 bao moja la Mijatović, 2003 penalti dhidi ya Milan, 2015 Barcelona ya Messi, Suárez na Neymar, 2017 Real ya Ronaldo. Kila moja ina sababu yake unayoweza kuionyesha kwa kidole.

Wanaowacheka waulize timu zao zimefika fainali mara ngapi. Kufika tisa maana yake ni kwamba mara tisa Ulaya nzima ilibaki klabu mbili tu, na moja wao ni wewe. Vijiwe vyetu vimezoea kuhesabu makombe peke yake, na hesabu hiyo inawadhulumu Juventus, inawadhulumu Benfica, inawadhulumu Atlético Madrid, na Reims imewafuta kabisa.

Shikamoo bi shangazi. Kwa nini Bayern na Atlético walicheza fainali mara mbili mwaka 1974? Penalti hazikuwa zimeanza? – Mvuvi, Lamu

Marahaba. Penalti zilikuwa zimeshaanza kutumika katika raundi za awali tangu msimu wa 1970/71, lakini kwa fainali kanuni ilisema sare baada ya muda wa nyongeza irudiwe siku mbili baadaye.

Jumatano tarehe 15 Mei 1974, Uwanja wa Heysel, Brussels. Dakika 90 bila bao. Dakika ya 114 Luis Aragonés wa Atlético akapiga faulo ikapita juu ya ukuta ikazama kona ya goli, na kipa Sepp Maier hakuinua hata mguu. Waliokuwa wamebaki na kazi ni Bayern, na muda ukaisha mpaka dakika ya 120. Hapo mpira ukamfikia Hans-Georg Schwarzenbeck, beki wa kati ambaye kazi yake miaka yote ilikuwa kumlinda Franz Beckenbauer asisumbuliwe. Hakuna aliyemkabili, kwa sababu hakuna aliyemdhania. Akasogea hatua chache, akaachia shuti la chini kutoka mbali. Likaingia.

Ijumaa wakarudi uwanjani, umati ukiwa umepungua kwa zaidi ya nusu. Atlético walikuwa wamechoka mwili na moyo. Uli Hoeness akafunga mawili, Gerd Müller mawili, 4-0. Haijawahi kutokea tena fainali ya Klabu Bingwa ikarudiwa. Atlético wakasubiri miaka 40 kufika fainali nyingine, Lisbon 2014, wakaongoza kwa bao la Godín mpaka dakika za majeruhi, na Sergio Ramos wa Real Madrid akasawazisha kwa kichwa dakika ya 93. Wakafungwa 4-1 katika muda wa nyongeza. Dakika moja moja za namna hiyo, mara mbili. Kuna watu wanawacheka!

Matuta ya kwanza katika fainali yalipigwa 1984 mjini Rome, Liverpool dhidi ya Roma waliokuwa nyumbani. Kipa wa Liverpool, Bruce Grobbelaar, mzaliwa wa Durban aliyeichezea Zimbabwe, alijilegeza miguu ikayumba kama ya mlevi wakati Francesco Graziani akijiandaa kupiga. Graziani akagonga mtambaa panya. Miaka miwili baadaye huko Sevilla kipa Helmuth Duckadam wa Steaua Bucharest aliokoa penalti zote nne za Barcelona. Hadi fainali ya 2025, fainali 11 zimeamuliwa kwa matuta.

Shangazi, kwa nini mwaka 1985 watu hawapendi kuuzungumzia? – Mwanafunzi, Dodoma

Kwa sababu watu 39 walikufa, mwanangu. Ilikuwa Heysel tena, tarehe 29 Mei 1985, Juventus dhidi ya Liverpool. Kabla ya mchezo kuanza, mashabiki wa upande wa Liverpool waliwavamia wenzao katika sehemu ya jukwaa iliyoitwa Z. Waliokimbia wakabanwa ukutani, watu wakakanyagana na ukuta ukaanguka. Wengi wa waliokufa walikuwa Waitaliano. Uwanja ulikuwa mkuukuu na haukustahili kupewa fainali. Mchezo ukachezwa hivyohivyo, Juventus wakashinda kwa penalti ya Platini, na faulo yenyewe ilifanyika nje ya eneo la penalti. Klabu za Uingereza zikafungiwa mashindano ya Ulaya kwa miaka mitano, Liverpool sita.

Nikihesabu makombe mawili ya Juventus, hilo nalitaja kwa sauti ya chini.

Shangazi, nasikia wewe uliondoka mapumziko Liverpool wakiwa wamefungwa 3-0 na Milan kule Istanbul. Ni kweli? – Dereva wa daladala, Morogoro

Si kweli, na aliyekwambia nitamtafuta. Nilibaki. Ilikuwa mwaka 2005, tulikuwa kwenye kibanda umiza, mabenchi ya mbao, joto, na mpira ulianza saa 3:45 usiku kwa saa zetu. Maldini alifunga hata dakika moja haijaisha, watu wengine walikuwa bado mlangoni wanalipa kiingilio. Crespo akaongeza mawili kabla ya mapumziko. La tatu lile, pasi ya Kaká iliyokata uwanja kama kisu na Crespo akaudokoa mpira juu ya kipa, mimi nililishangilia ingawa Milan si timu yangu. Zuri ni zuri. Mapumziko kibanda kikabaki nusu, na mwenye banda akafungua dirisha.

Kocha Rafael Benítez alimwingiza Dietmar Hamann akae mbele ya mabeki amsumbue Kaká. Hilo ndilo lililogeuza mchezo, ingawa watu wanapenda kusimulia nyimbo za mashabiki. Gerrard alipata nafasi ya kupanda, akafunga kwa kichwa dakika ya 54. Šmicer dakika ya 56. Dakika ya 60 Xabi Alonso akapiga penalti, Dida akaipangua, Alonso akaurudishia wavuni. Waliokuwa wamekwenda zao wakaanza kurudi mbio kutoka barabarani, wanauliza matokeo madirishani.

Naomba pia mumtaje Djimi Traoré, beki aliyeichezea Mali. Bao la kwanza lilitokana na faulo yake, lakini kipindi cha pili aliuokoa mpira wa Shevchenko kwenye mstari wa goli. Huyo hatajwi. Kwenye matuta Jerzy Dudek akaiga miguu ya Grobbelaar, akampangulia Pirlo, na mwisho akampangulia Shevchenko. Ilikuwa imeshapita saa sita ya usiku. Tulirudi nyumbani kwa miguu kundi zima, na hakuna aliyenyamaza njia nzima.

Jambo Mama. Je, kuna mwana wa Congo aliyecheza fainali hii? – Msomaji, Bukavu

Jambo sana ndugu yangu. Yupo Claude Makélélé, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1973 akapelekwa Ufaransa angali mtoto. Alianza katika kikosi cha Real Madrid kilichoifunga Leverkusen 2-1 mjini Glasgow mwaka 2002, ile fainali ya bao la Zidane la guu la kushoto. Watu wanaikumbuka voli ile. Wangemkumbuka pia aliyekuwa nyuma yake akizoa mipira. Mwaka 2008 alianza tena, akiwa na Chelsea, wakapoteza kwa penalti Moscow. Na Romelu Lukaku, ambaye baba yake Roger aliichezea Zaire, aliingia na Inter mwaka 2023 mjini Istanbul. Kichwa chake cha dakika za mwisho kiliokolewa na Ederson wa Manchester City kwa mguu.

Auntie, habari ya leo. Wanasema McDonald Mariga ana medali ya Champions League lakini hakucheza fainali. Na Wanyama je? Na Origi tumhesabu wetu? – Mama mwenye duka, Kisumu

Nzuri sana mama, na swali lako linastahili jibu refu.

Mariga alijiunga na Inter ya José Mourinho Januari 2010. Fainali ya Madrid, Inter 2 Bayern 0, mabao yote ya Diego Milito, Mariga alikuwa benchi na hakuingia. Lakini medali yake si ya kuokota. Nusu fainali ya marudiano, Camp Nou, Inter walikuwa 10 baada ya Thiago Motta kupewa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, na Barcelona walihitaji mabao mawili. Dakika ya 84 Piqué akafunga moja. Dakika ya 86 Mourinho anamtoa Samuel Eto'o. Nani anaingia? Mkenya. Bao moja tu lingewatoa, Camp Nou nzima inapiga kelele, na kijana aliyewahi kuchezea Tusker ya Nairobi amesimama mbele ya mabeki wa Inter. Walishikilia mpaka kipyenga. Anayesema hakufanya kitu aiangalie tena mechi hiyo.

Victor Wanyama, mdogo wake, alikuwa benchi la Tottenham katika fainali ya 2019, Madrid tena, uwanja wa Atlético. Naye hakuingia. Upande wa pili, benchi la Liverpool, alikuwapo Divock Origi. Akaingia kipindi cha pili kumpokea Firmino, na dakika ya 87 mpira wa kona ukahangaika kwenye eneo la hatari ukamfikia mguu wa kushoto. Akaupeleka kona ya mbali, 2-0, shughuli ikaisha.

Origi amezaliwa Ostend na amechezea Ubelgiji, hilo ni haki yake na hatumnyang'anyi. Lakini baba yake ni Mike Okoth wa Harambee Stars, na baba yake mkubwa ni Austin Oduor, nahodha wa Gor Mahia iliyotwaa Kombe la Washindi Afrika mwaka 1987 mbele ya Espérance ya Tunisia. Wewe uko Kisumu, mimi ni nani wa kukwambia usimhesabu? Mhesabu, mama. Usiku ule nyumba mbili zenye asili ya Kenya zilikuwa na watoto wao pande zote mbili za fainali ya Ulaya.

Ya haraka haraka

*Kombe lenyewe likoje?* (Kondoa) Hili la masikio makubwa si lile la mwanzo. La mwanzo Real Madrid walipewa moja kwa moja, baada ya kulitwaa mara ya sita mwaka 1966. La sasa lilitengenezwa na sonara Jürg Stadelmann wa Bern, lina urefu wa sentimita 73.5 na uzito wa kilo 7.5. Wa kwanza kuliinua ni Celtic, 1967, kikosi ambacho wachezaji wote walizaliwa ndani ya maili 30 kutoka uwanja wao wa Glasgow. Katika historia yote ya fainali hizi, hilo ndilo jambo ninaloliona gumu kuliko yote kurudiwa.

*Umati mkubwa kuliko wote?* (Bujumbura) Hampden Park, Glasgow, 1960: zaidi ya watu 127,000. Real 7, Eintracht Frankfurt 3. Puskás manne, Di Stéfano matatu. Na Frankfurt ndio waliotangulia kufunga.

*Kipigo kikubwa zaidi?* (Arusha) Munich, 31 Mei 2025: Paris Saint-Germain 5, Inter 0. Désiré Doué, miaka 19, alifunga mawili.

*Kuna waliocheza fainali kwenye uwanja wao wenyewe?* (Zanzibar) Wapo wanne. Real Madrid 1957 na Inter 1965 walishinda. Roma 1984 nimeshawaeleza. Wa nne ni Bayern, Munich 2012, dhidi ya Chelsea. Bayern walipiga kona 20, wakafunga bao dakika ya 83 kupitia Thomas Müller, mji mzima ukaanza sherehe. Chelsea walipata kona moja tu mchezo mzima. Juan Mata akaipiga, Didier Drogba akaikimbilia nguzo ya karibu na kuibamiza kwa kichwa, dakika ya 88. Muda wa nyongeza Robben akakosa penalti mikononi mwa Čech, na kwenye matuta aliyepiga la mwisho akawa Drogba huyohuyo.

Toleo lijalo nitajibu ya Klabu Bingwa Afrika. Yaleteni mapema.